Waliobisha Hodi kwa Bibi Nakiete

Arobaini walimtaja, wanne walibisha hodi. Mmelisikia neno hili asubuhi kwa mkuu wa shule, mkadhani ni hesabu. Si hesabu, wanangu. Wekeni kalamu chini, nanyi wa huko nyuma acheni kunong'ona. Anayeuliza neno limetoka wapi avumilie kulisikia mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe si mzuri. Neno hili lilizaliwa hivi.

Katika kijiji cha Vumbwe, juu kabisa kwenye milima ya Upare, palikuwa na mwalimu wa historia aliyeitwa Eliesikia Mrutu. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo nalisema mapema msije mkamtupia yeye kila kitu. Jambo moja lilimkera kuliko yote: wanafunzi wake wa kidato cha tatu walikuwa wakiandika "inasemekana" na "wataalamu wengi wanakubali", na ukiwauliza wataalamu gani, wanatazama dirishani.

Basi akaamua kuwafundisha kuandika utafiti. Muhula mzima. Aliwafundisha kuchagua mada, kuuliza swali linalojibika, kuandaa hojaji. Zaidi ya yote aliwafundisha kutaja chanzo: jina la uliyemhoji, mahali, tarehe. "Kazi isiyo na chanzo ni umbea uliopigwa pasi," aliwaambia, nao wakacheka na kuiandika hiyo pia. Katika alama mia, ishirini zilikuwa za marejeo peke yake.

Mada aliyowapa ilikuwa ufinyanzi. Kijijini alikuwa amebaki mfinyanzi mmoja tu, Bibi Nakiete, mjane mwenye miaka themanini na kitu, aliyekaa peke yake kwenye kitongoji cha juu, mwendo wa saa nzima wa kupanda kutoka shuleni. Mitungi yake ilipoza maji mpaka yakauma meno, na hakuna mwingine aliyejua anachanganya nini na nini. Watoto wake aliwazika. Wajukuu hakuwa nao.

Mwalimu Mrutu alipanda kwenda kumwomba awapokee wanafunzi wake. Bibi alimsikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Arobaini?" akasema. "Nitawaweka wapi, juu ya paa?"

"Watakuja wanne wanne, Bibi. Siku kumi."

"Ufinyanzi hausimuliwi kwa siku moja ukaisha. Mama yangu alinipa hatua moja kwa siku, na hatua ya leo hukuipata mpaka ya jana imekaa mkononi."

"Basi wape hivyo hivyo. Kila kundi na hatua yake. Wakikutana darasani wataunganisha."

Bibi alifikiri. "Na wavulana?"

"Wamo."

"Mwanamume hafinyangi. Lakini kuandika, aandike tu, udongo hausomi." Kisha akauliza, kwa sauti iliyopungua, "Na wasipokuja?"

"Watakuja, Bibi. Nimewafundisha mimi."

Wakakubaliana pia kwamba mikono mitupu haipandi kwa mzee. Kila mwanafunzi angekuja na ndoo ya maji kutoka kwenye mfereji wa chini, kwa kuwa kijia cha kwenda mferejini kilikuwa na mteremko mkali na miguu ya Bibi ilikuwa imechoka.

Maji hayo siku zote alikuwa akiletewa na jirani yake, Mama Tuheri. Mwezi wa sita watu wa Vumbwe huteremka tambarare kuvuna mahindi, na Mama Tuheri alikuwa hajateremka kwa sababu ya Bibi. Mwalimu akapita kwake akamwambia, "Nenda kavune, mama. Siku kumi mfululizo, hata Jumamosi na Jumapili, atakuwa na watu wanne kila siku, na ndoo nne." Mama Tuheri akashukuru, akafunga mlango wake, akateremka.

Jumatatu, tarehe nne, kundi la kwanza likapanda. Walikuwa wasichana wawili na wavulana wawili, na kiongozi wao alikuwa Nangena, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Walimkuta Bibi akichambua choroko, na kuku mweupe amejilaza mapajani mwake. Aliwaambia udongo unachimbwa wapi, kwa nini hauchimbwi mvua ikinyesha, na namna ya kuujua kwa kuuonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akarudi kwenye choroko zake. "Hiyo ni ya leo. Ya kesho ni ya wa kesho."

Nangena akarudi na kurasa tatu zilizojaa.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, nanyi mlielewe vizuri, kwa sababu si la wezi. Shule ile haikuwa na vitabu vya kutosha. Toka darasa la kwanza watoto wale walisoma kwa njia moja: mwenye mwandiko mzuri anaandika ubaoni, wengine wananakili. Daftari la mmoja lilikuwa la wote. Hiyo ndiyo waliyoijua kuwa elimu. Jioni ile Nangena aliombwa aandike ubaoni alichopewa na Bibi, naye akaandika bila kinyongo, isipokuwa lile neno la Bibi kuhusu kesho, ambalo hakuliona kuwa sehemu ya somo. Arobaini wakanakili. Jumanne kundi la pili lilipotakiwa kupanda, mmoja akasema, "Tunapanda kufuata nini? Tunacho tayari." Wakasaini daftari la ruhusa, wakashuka mtoni, wakaoga, wakarudi alasiri na ndoo tupu na miguu yenye tope. Jumatano kundi la tatu likafanya vivyo hivyo. Na la nne. Mpaka la kumi.

Mwalimu Mrutu alikuwa amepanga kupanda katikati ya juma akaangalie. Juma hilo akapewa vipindi vya mwenzake aliyekuwa likizo. Alitazama daftari la ruhusa, akaona sahihi zote zipo, akaridhika. Mtu aliyefundisha watoto umuhimu wa chanzo akaridhika na sahihi.

Ijumaa ya juma la pili kazi zote arobaini zilikuwa mezani kwake. Jumamosi asubuhi akaanza kusahihisha, na mwanzoni alifurahi. Marejeo yalikuwa yamenyooka: Bi. Nakiete, mahojiano ya ana kwa ana, nyumbani kwake, Vumbwe, tarehe. Hakuna aliyekosea hata nukta. Kazi ya tatu ilisema Bibi alikuwa akichambua choroko, kuku mweupe mapajani. Akatabasamu. Ya saba nayo ilisema hivyo, ya tarehe sita. Ya kumi na mbili, tarehe tisa, choroko na kuku. Akaacha kusahihisha, akaanza kufunua tu. Tarehe kumi na mbili, tarehe kumi na tatu. Kuku yule hakushuka mapajani siku kumi.

Na kote, arobaini zote, habari iliishia kwenye uchimbaji wa udongo. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa ameandika, "Kisha chungu hufinyangwa na kuchomwa."

Hasira ilimjia kwanza. Ilikaa muda mfupi, kwa maana nyuma yake lilikuja lile swali alilolijibu haraka: na wasipokuja? Hakufunga hata mlango wa ofisi.

Alipofika juu alikuwa hana pumzi. Nyumba ya Mama Tuheri ilikuwa imefungwa. Uani kwa Bibi palikuwa na turubai, na juu yake mabonge ya udongo yaliyopangwa kwa mafungu. Akayahesabu mafungu hayo bila kutaka: tisa. Yote yalikuwa yamekauka na kupasuka.

"Hodi."

Akasogea mlangoni.

"Hodi, Bibi."

"Karibuni," sauti ikasema kutoka ndani, nyembamba kama uzi. "Mmechelewa kidogo."

Alikuwa chini, kando ya kitanda, mguu mmoja umepinda vibaya. Ndoo nne za Jumatatu zilikuwa zimemfikisha Jumatano ya pili. Alhamisi aliteremka mwenyewe mferejini na kibuyu, akateleza, akatambaa kurudi. Midomo yake ilikuwa imebabuka.

Mwalimu akapiga magoti. Chupa yake ilikuwa na maji kidogo, akamlowesha ulimi.

"Nyinyi ndio wa siku ya pili?" Bibi akauliza. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri tena.

Mwalimu Mrutu alitaka kusema ukweli. Ulimi ukamshinda.

"Ndio sisi, Bibi."

"Mko wangapi?"

"Wanne."

"Vizuri. Andikeni." Akavuta pumzi. "Udongo wenyewe ukiukanda peke yake unapasuka motoni. Lazima uuchanganye na..." Akasita, akatafuta. "Unauchanganya na..."

"Pumzika, Bibi. Utatuambia baadaye."

"Baadaye ni ya wa kesho," akasema, kisha akafumba macho.

Mwalimu alikimbia vitongoji viwili kabla ya kupata wanaume wa kubeba machela. Walimfikisha zahanati giza likiingia. Jumapili, kabla ya adhuhuri, Bibi Nakiete akafariki. Hakusema tena neno.

Jumatatu darasani mwalimu aliuliza swali moja tu.

"Waliofika kwa Bibi wasimame."

Wanne wakasimama, Nangena akiwa wa kwanza.

"Wengine, kwa nini hamkwenda?"

Mvulana mmoja akajibu, na hakujibu kwa jeuri, alijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Mwalimu, notsi zilikuwa sahihi. Tungekwenda kumchosha bibi wa watu aseme lile lile mara kumi?"

"Hangesema lile lile."

"Hukutuambia, mwalimu."

Ni kweli, hakuwaambia. Aliwafundisha namna ya kuandika tarehe ya mahojiano. Kwamba upo mlango, na nyuma ya mlango yupo mtu anayesubiri, hilo hakuona haja ya kulifundisha. Akazikusanya zile kazi arobaini, akazitia mfukoni.

Maziko yalikuwa Jumanne. Watu walipanda kutoka tambarare. Ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wala mjukuu, mzee wa kanisa akauliza nani anazijua habari zake. Mtu akasema, "Mwalimu anazo. Shule nzima imeandika juu yake."

Mwalimu Mrutu alikuwa nazo kweli, zile kazi arobaini, ndani ya mfuko. Akatoa ya kwanza akasoma. Jina. Kitongoji. Udongo unachimbwa wapi, na kwa nini si wakati wa mvua. Ukurasa na nusu. Akafika pale, akasimama.

"Endelea, mwalimu," mzee wa kanisa akasema.

"Zimeishia hapo."

"Soma nyingine."

"Nyingine ni hii hii."

Mama Tuheri alikuwa mbele, kanga imefungwa kiunoni, vumbi la tambarare bado miguuni. Akasogea, akautazama ule mfuko.

"Zote hizo ni za Bibi Nakiete?"

"Ndiyo, mama."

"Ngapi?"

"Arobaini."

"Na jina lake limo katika kila moja?"

"Limo."

"Na waliofika kwake?"

Nangena ndiye aliyejibu, kutoka kwenye mstari wa wanafunzi. "Tulifika wanne, mama. Siku ya kwanza tu."

Mama Tuheri hakulia wala hakupaza sauti. Angelaani, pengine ingekuwa nafuu kwa mwalimu. Alijifunga kanga upya, akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Arobaini walimtaja, wanne walibisha hodi."

Kisha akaokota bonge la udongo, akalitupa kaburini, na watu wakaendelea kufukia.

Msiniulize kama mwalimu alisamehewa. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumsamehe. Msiniulize pia Bibi alichanganya udongo na nini. Watu walijaribu mchanga, wakajaribu vigae vya kusaga, wakajaribu majivu, na kila chungu kilipasuka motoni. Mwisho wakaacha. Leo Vumbwe yote inaweka maji kwenye ndoo za plastiki, na mchana yana uvuguvugu.

Kwa hiyo mtu akikuletea kazi yenye majina mengi chini yake, yamepangwa vizuri, kila moja na tarehe yake, usianze kumpongeza. Muulize kwanza ni milango mingapi aliyoisogelea. Arobaini walimtaja, wanne walibisha hodi.