Matundu Chini ya Mlango

Bukuru alikuwa na gari kuukuu aliloachiwa na baba yake, na aliishi katika mji unaochemsha chumvi. Anayeujua mji wa chumvi anaijua hewa yake. Acha msumari nje Jumatatu, Ijumaa umevaa kutu. Magari ya wenzake yaliliwa yakaisha. La kwake liliendelea kuishi, naye hakujua kwa nini, kwa sababu hakuwahi kuinama akalitazama chini.

Chini ya kila mlango, aliyelitengeneza gari lile aliacha matundu matatu, kila moja kama punje ya haragwe. Maji hupita pembeni mwa kioo yakaingia ndani ya mlango. Ni lazima yaingie, hakuna mlango wa gari usioingiza maji. Yakishaingia hutokea pale chini. Basi kila Jumapili ya masika Bukuru alipoegesha mbele ya kanisa, gari lilidondosha maji ya rangi ya chai, na saruji ya uwanja ikabaki na madoa. Naye alikuwa mzee wa kanisa.

"Shikamoo mzee," vijana wa kwaya walimwambia. "Gari limekojoa tena. Si ulivalishe nepi?"

Alicheka nao. Moyoni aliungua.

Akaenda kwa Ntiruka, fundi wa bodi za magari, akamtaka azibe matundu yote kwa pati, ile gundi nzito ya kuzibia bati, apulize rangi juu, pasionekane kitu. Ntiruka akalala chini ya gari, akapenyeza waya katika tundu moja, ukatoka na tope jekundu. Akasema kutoka kulekule chini: "Mzee, hapa hapavuji. Hapa ndipo linapojiponya."

"Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa mganga," alisema Bukuru. Akanunua kopo la pati akaziba mwenyewe.

Uwanja ukabaki safi. Watu wakamsifu. Kwa furaha ile akaanza kuliosha gari kila asubuhi, ndoo tatu nzima, mpaka ukijitazama ubavuni mwake unaona meno yako. Na hapa msisinzie. Maji yale ya kuoshea yaliingia mlemle yalimoingia ya mvua. Hayakutoka.

Sesilia, mkewe, alizoea kukaa kiti cha kushoto, bega lake likiegemea mlango. Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Kilikuwa kiangazi, miezi mitatu bila tone la mvua. Gari lilipokata kona, kitu ndani ya mlango kilitembea kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, kama mtu anayevuka kijito na hataki asikike. Gari liliposimama, nacho kilisimama. Na mlango ulipofungwa ulijifunga mara mbili: mara moja nje, kisha mara moja ndani, kwa kuchelewa kidogo.

"Baba Eveta, humu mna nini?"

"Hamna kitu."

"Kipo. Kinanitia baridi begani. Na mlango wenyewe unalegea, nitakuja kuanguka. Mwite Ntiruka aufungue tuone."

"Ukifunguliwa," alisema Bukuru, "na watu wataona."

Vikaota vipele chini ya rangi, vidogo kama dengu, upande wa Sesilia tu. Bukuru akabonyeza kimoja, kidole kikazama kama kwenye papai bovu. Akapaka rangi. Asubuhi vilikuwa vimeongezeka. Akapaka tena. Ikawa kila akikaribia kona anaimba tenzi kwa sauti kubwa, ili yeye na mkewe wasisikie kinachotembea. Sesilia akaacha kuegemea. Alikaa wima, mikono mapajani, kama mgeni aliyepewa lifti.

Jumapili moja walipokuwa wakipita sokoni, watu wamejaa pande zote, mlango wa Sesilia ukashuka. Haukutoa kishindo. Uliachia bawaba kama mkate uliolowa unavyoachia mkono, ukalala barabarani, ukamwaga maji mekundu mengi kuliko mlango unavyoweza kubeba. Sesilia akabaki kwenye kiti, anatazama ardhi ikikimbia kando ya mguu wake. Angekuwa ameegemea kama zamani, leo tungesimulia msiba.

Bukuru akasimamisha gari, akashuka, akazunguka upande ule. Mkewe akanyoosha mkono akidhani anamjia yeye. Akampita. Akaukimbilia mlango, akauinua. Ulikuwa mwepesi wa kutisha: kioo kimetawanyika, bati limeliwa, rangi tupu ndiyo iliyoshika umbo la mlango. Akaufuta kwa mkono wa shati, akaurudisha mahali pake, ukamfunika mkewe kuanzia bega hadi mguu.

"Ushike hapo," akamwambia. "Watu wanatutazama."

Hakumwuliza kama ameumia. Sesilia akausukuma mlango kando, akashuka, akaenda zake kwa miguu katikati ya watu, wala hakugeuka.

Bukuru aliingia garini. Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya kiti kitupu, akaushika mlango kwa ndani, na kwa mkono wa kulia akaendesha, gia ya kwanza, taratibu, akiitikia salamu kwa kichwa. Anapita hivyo mpaka leo. Gari linang'aa. Walio mbali hudhani Sesilia bado amekaa humo, huwaamkia watu wawili, naye huitikia kwa niaba ya wote wawili.

Na wewe unayeitikia salamu za wawili, kiti cha pembeni yako amekaa nani?