Poda Iliyopakwa Injini

"Doa chini, chanzo juu." Mmemsikia baba yenu akisema, sasa mnataka kujua wahenga gani waliisema. Hakuna wahenga hapo. Methali hii ilianzia uani kwangu, hapa hapa Rungwe, Ijumaa moja nikiwa na tumbo la miezi tisa na sina pa kukaa nikatulia.

Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza kwa kuchelewa kupata gari. Safari hii daktari alisema Jumamosi isitukute nyumbani. Babu yenu Ambakisye akanunua pikapu kuukuu, nayo ikaanza kuvuja oili.

Kila asubuhi tulikuta doa jeusi chini ya injini. Naye alijilaza kwenye gunia, akafungua sampu, lile bakuli la oili la chini, akabadilisha gasketi yake ya kuzibia, akakaza boliti. Mara tatu! Doa likarudi. Ijumaa hiyo akanigeukia mimi: chai ina moshi, chai imepoa, mbona unazungukazunguka? Nilizunguka kwa sababu mlima wa kwenda hospitali naujua. Oili ikiishia kule, injini inakufa.

"Ambakisye," nikamwambia, "bati likivuja, maji hufuata boriti na kudondokea mbali. Umetazama juu?"

"Juu kote kumelowa. Nitajuaje ilikoanzia?"

"Ioshe, ikauke, uinyunyizie unga."

"Unga wetu una chenga, hautashika. Labda ingekuwa poda."

Kwetu kitu cha mtoto hakinunuliwi kabla hajazaliwa, ni kumwitia mkosi. Mama mkwe alinikataza hata nepi. Nikaingia ndani, nikarudi na kopo la poda nililolificha chini ya kanga zangu.

"Ulinunua lini?"

"Mwezi wa tano. Nilitaka kuamini kwamba atakuja."

Nilingoja anigombeze. Akalia. Kumbe siku zote zile hakuwa na ugomvi na chai yangu. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Tukaosha injini kwa sabuni, ikakauka, tukaipaka poda hadi ikawa nyeupe yote. Akawasha. Haukupita muda, mstari mweusi ukachora njia yake kwenye ule weupe: kutoka kifuniko cha juu, ukashuka nyuma ya injini, hadi kwenye sampu. Gasketi ya juu ilikuwa ngumu kama ngozi kavu. Na mpya yake ilikuwamo kwenye pakiti ile ile ya gasketi aliyonunua, haijaguswa!

Tuliondoka saa tisa alasiri. Mlima wote nilichungulia nyuma kutafuta tone. Sikuliona.

Baba yenu alizaliwa alfajiri, akapakwa poda iliyobaki. Mama mkwe alipofika akanusa, akauliza imenunuliwa lini. Babu yenu akawahi kujibu, "Leo."

Basi mtu akinijia na hasira za chai, siishughulikii chai. Namketisha, namuuliza anaogopa nini. Doa chini, chanzo juu.