Fuko na Kompyuta ya Kioo Kipana

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa imelala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Na wewe unayetafuna muwa pale mlangoni, tafuna polepole, usinipoteze njia.

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya babu wa babu, maana kompyuta zilikuwa zimekwisha kufika mpaka porini, palikuwa na Fuko. Mnamjua fuko. Ndiye yule mchimbaji anayekula mihogo ya watu kwa chini, huku juu majani yamesimama kama hakuna kilichotokea. Huyu Fuko alikuwa na mke. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Kifusi, basi mke akamwita mumewe Baba Kifusi, na mume akamwita mkewe Mama Kifusi. Waliishi katika shimo la mababu. Lilikuwa na ghala, lilikuwa na jiko, lilikuwa na chumba cha kuzalia.

Mwaka huo jua likawaka. Likawaka, likawaka, likawaka. Mto ukawa mchanga. Dimbwi likawa tope, na tope likawa nyufa. Bi Nyati, mwenyekiti wa baraza la wanyama, alikuwa na ndama mchanga. Ndama akalala chini, akashindwa kusimama. Mama yake akamlamba, akamlamba, na ulimi wenyewe ulikuwa mkavu.

Chini ya ardhi maji yalikuwapo. Nani alijua? Fuko alijua. Alikuwa amechimba bonde lile lote, huku na huko, na pua yake ilijua kila penye unyevu.

Sasa sikilizeni desturi yao. Wanyama wa bonde lile hawakuanza kazi ya wote mpaka kila mmoja aone mchoro kwa jicho lake na aseme kwa kinywa chake, "Nimeona." Kila mmoja, hata mchoraji mwenyewe. Akibaki mmoja hajasema, ukwato haugusi ardhi.

Mara ya kwanza Fuko alichora kwenye simu ya Nguchiro. Simu ndogo, kioo chake kama jani la mchicha. Ikapita mkono kwa mkono, ukwato kwa ukwato. Huyu akaigusa, mchoro ukasogea. Yule akaigusa, mchoro ukakua. Kila mmoja akasema, "Nimeona." Na kweli aliona, ila kila mmoja aliona chake. Wakachimba siku saba, ku, ku, ku, wakafika kwenye jiwe. Maji hakuna. Nguvu nazo zikaisha. Ikabaki nguvu ya kuchimba mara moja tu.

Fuko akaona haya. Akabeba viazi vyake vya akiba, akaenda kwa Kunguru. Kunguru alikuwa mchuuzi, alileta vitu kutoka mjini.

"Karibu, mzee wangu," Kunguru akasema. "Kompyuta mpakato zipo mbili. Hii ndogo, nyepesi kama unyoya. Unakwenda nayo popote, na chaji yake inakaa kutwa nzima. Na hii kubwa hapa. Mimi ni mfanyabiashara, lakini sikufichi. Ni nzito. Na inakula chaji vibaya. Ukiiwasha asubuhi, saa sita inalia."

Fuko akasogelea ile ndogo. Macho ya fuko ni punje za ulezi, mnajua. Akasogea, akasogea, pua ikagusa kioo. Aliona ukungu.

Akasogelea ile kubwa. Kunguru akaifungua, kwaa, kioo kikawa kipana kama sinia la sherehe. Fuko akaona mstari. Pembeni yake akaona mstari mwingine. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mistari miwili kwa pamoja. Akakaa chini pale pale, akalia.

"Unalia nini, mzee wangu?"

"Naona," Fuko akasema. "Nipe hii."

Kabla ya kuondoka akaipima. Mafuko hupima kila kitu kwa sharubu, na hupima unene tu, kwa sababu shimoni kinachokusumbua ni dari. Akapitisha sharubu ubavuni mwa kompyuta. Nyembamba kama chapati. "Itapita mlangoni," akasema. Upana hakuupima. Fuko gani anapima upana?

Akamwomba jirani yake Ngiri ambebee, pamoja na sola ya kuchajia aliyopewa na Kunguru. Ngiri akabeba, puu, puu, puu, jasho linamtoka. Njia nzima Fuko akaimba, nanyi mniitikie:

*Nzito, nzito, twende nayo,*
*Pana, pana, tuone nayo.*

"Wewe unaimba," Ngiri akasema, "mgongo ni wangu."

Wakafika. Fuko akaisukuma mlangoni. Haikupita. Akaisimamisha, haikupita. Akailaza, haikupita. Akaisukuma kwa makalio, tumbo likalia kwi. Mama Kifusi akachungulia kutoka ndani.

"Baba Kifusi, wenzio wanaleta kitenge, wewe umeleta mlango?"

"Ni kompyuta mpakato, mke wangu. Ya kupakata."

"Unapakata nini hapo? Hiyo itakupakata wewe."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi simlaumu. Hata ningekuwa mimi ningecheka.

Basi Fuko akahamia nje, chini ya jabali lenye kivuli, kwa sababu juani kioo hakionekani. Fuko, nje. Mgongo wazi, kipanga anazunguka juu. Kila akisikia bawa anajificha chini ya kompyuta yenyewe, na kwa hilo ukubwa wake ulimfaa sana. Mchana sola inakunywa jua. Fuko anachora mpaka chaji inakwisha, anangoja mpaka kesho, anachora tena. Anaingia shimoni akiwa na jambo kichwani, anataka kulichora, inabidi atoke nje tena. Alikonda. Lakini alikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Alikuza mchoro, akachora kipande hiki. Akausogeza, akachora kipande kile. Mshipa wa maji kwa rangi ya buluu. Mawe kwa rangi nyeusi. Nyumba za wanyama kwa viduara vyekundu. Mistari ilikuwa safi, na alama ndogo ndogo zilisomeka. Mama Kifusi, ambaye alikuwa akimletea mizizi ya kula, akaanza kukaa. Siku ya kwanza alikaa kidogo. Siku ya tatu hakuondoka.

"Ule mkunjo pale," akasema, "si ndipo nilipokwama nikiwa na mimba ya Kifusi?"

"Ndipo hapo."

"Kumbe pazuri hivyo," Mama Kifusi akasema.

Siku ya baraza ikafika. Wanyama wakaja kivulini mwa jabali, mbavu zinahesabika. Fuko akaiwasha. Akaupunguza mchoro, bonde zima likaenea kiooni, kutoka mto hadi kilima. Twiga akaona kutoka nyuma. Sungusungu akaona kutoka chini. Tembo akaona, na aliyesimama kando ya Tembo akaona kitu kilekile. Hakuna kupokezana. Hakuna kugusa. Wote walitazama mara moja. Mimi nasema kile ni kitu cha kupendeza, kundi zima kutazama jambo moja.

Lakini Kobe alikuwa bado yuko njiani. Ilibidi wamngoje, na Fuko, kwa kujishaua, hakuizima. Akaonyesha rangi. Akakuza, akapunguza, uso wake ukiwaelekea wanyama. Kompyuta nayo ikala chaji, ikala, ikala. Kobe alipofika, zilibaki asilimia tisa.

"Haya, upesi," Bi Nyati akasema. Alikuwa amemwacha ndama wake amelala. "Mshipa uko chini sana kila mahali. Ni wapi unapanda juu?"

"Fuateni buluu," Fuko akasema. "Penye buluu iliyokolea, maji yako karibu."

Tembo akafuata. "Nimeona."

Twiga akafuata. "Nimeona."

Ngiri, Nguchiro, Sungusungu. "Nimeona, nimeona, nimeona." Asilimia sita.

Kobe akanyoosha shingo. Akatazama taratibu, kama kawaida yake.

"Buluu iliyokolea naiona," akasema. "Ila juu yake pana kiduara chekundu. Hiyo ni nyumba ya nani?"

Fuko akasogeza pua kwenye kioo. Siku zote alichora kipande kwa kipande, buluu siku moja, viduara siku nyingine. Ukuta wa ghala lake ulikuwa na unyevu, naye akadhani ni umande. Hakuwahi kuliona bonde lote kwa pamoja. Sasa aliliona, mbele ya kila mtu.

Ilikuwa nyumba yake. Ghala lake, jiko lake, chumba alimozaliwa yeye, na baba yake, na Kifusi.

Kobe akasema, "Nimeona."

Bi Nyati hakumtazama Fuko. Akasema taratibu, "Nimeona."

Wamebaki wawili, Fuko na mkewe. Asilimia tatu.

Jamani, kwenye simu ya Nguchiro angeweza kuficha. Angegusa kidogo tu kwa kidole, kiduara kikatoka pembeni, nani angejua? Hapa palikuwa peupe. Hata hivyo angeweza kunyamaza. Desturi inasema asiposema mmoja, kazi haianzi. Kioo kingezima, na chaji mpaka kesho. Na ndama yule hakuwa na kesho.

Fuko akabandika pua kwenye kile kiduara. Aliogopa. Nani asingeogopa?

Mama Kifusi akasimama kando yake. Alikuwa amekwisha fuata buluu kwa kidole chake, mpaka kwenye kiduara.

"Baba Kifusi," akasema, "mimi nimeona."

Asilimia moja.

"Nimeona," Fuko akasema.

Tii. Kioo kikazima.

Wakaenda. Mafuko wakatoa watoto na mizizi ya akiba, Ngiri akawabebea. Bi Nyati akapiga ukwato wa kwanza kwenye paa la ghala. Ku. Tembo akapiga pembe. Ku, ku. Hawakuchimba siku saba, hawakuchimba hata siku mbili. Jua halijatua, ardhi ikalainika, ikapumua, ikatoa maji, bubu, bubu, bubu. Yakajaa jikoni, yakajaa chumbani. Nyumba ya mababu ikawa kisima.

Wanyama wakanywa. Fuko akasimama ukingoni, miguu yake ndani ya maji. Mbali kidogo palikuwa na kitu cheusi-cheusi kinachosogea, na kingine kidogo pembeni yake. Kwa macho yake ulikuwa ukungu mtupu.

"Mama Kifusi," akauliza, "yule ndama amekunywa?"

"Amekunywa."

"Amesimama?"

Mama Kifusi akawasogelea mpaka karibu. "Anajaribu," akasema. "Ameanguka. Anajaribu tena. Haya, amesimama, Baba Kifusi. Amesimama kabisa."

Fuko akakaa chini, akalia kwa mara ya pili.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: kitu kikubwa kina mzigo wake, na mwenye kutaka kuona mengi akubali kubeba. Kioo kipana ni kizuri, nami nakisifu, lakini hakimwonyeshi mtu ya wenzake tu, humwonyesha na yake. Akiisha kuyaona, aseme kweli.

Hadithi yangu imekomea hapo ukingoni. Mwenye kiu achote.