Dawa Iliyotemwa Nyuma ya Migomba

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, maana simu zilikuwepo ila mtandao ulipatikana kwa kupanda kichuguu, kichocho kilitawala bonde la mpunga la Itukulo. Watu walilima wakiwa majini hadi magotini, wakatoka na minyoo mwilini, wakakojoa damu. Mkemia Ambokile, mzaliwa wa huko huko, akajifungia katika maabara yake ndogo, akaapa kuunda dawa.

Akachanganya, akachemsha, akachuja, akakausha. Minyoo ikacheka. Akang'oa kipande hapa katika umbo la dawa, akapachika kingine pale. Akachanganya, akachemsha, akachuja, akakausha. Minyoo ikacheka tena. Miaka sita! Mchumba wake alichoka kusubiri, akaolewa na mwalimu. Dawa ya tisini na tatu ndiyo iliyokomesha kicheko: katika chupa ya majaribio minyoo ilikufa yote. Ambokile akacheza peke yake kati ya meza.

Wanakijiji arobaini wakakubali kuijaribu. Mwezi ukapita, mikojo ikapimwa. Loo! Wagonjwa ni wale wale, isipokuwa mmoja, na Ambokile akadhani huyo mmoja amekosewa vipimo. Alilia, wala hakuona haya. Kisha akabeba debe zima la dawa kwenda kulimwaga shimoni.

Njiani akakutana na Gwamaka, mkulima mwenye mdomo usiojua kunyamaza.

"Mwanangu, usimwage! Dawa yako chungu kama nyongo. Wenzangu wanakuitikia asante, kisha wanaitema nyuma ya migomba. Wewe ndiye msomi wetu, nani angekuvunja moyo? Mimi niliimeza. Huyo mmoja ni mimi. Nipime tena!"

Akapimwa tena: safi kabisa. Lakini majirani waliaibika, wakamnunia. Msimu ule wa mavuno hakuna aliyekwenda kumsaidia, na nusu ya mpunga wake ikaliwa na ndege.

Haya, uchungu utaondokaje? Ambokile akatia sukari, akatia asali. Wapi! Pale maabara alikuwapo Tulinagwe, mjane aliyeosha vyombo, ambaye maisha yake yote alikuwa amechambua mchele. Asubuhi moja alizitazama chembe za dawa zilizoganda kwenye sahani, akachukua lenzi.

"Baba, hizi si za namna moja. Hizi zimekatika pembe upande wa kulia, hizi upande wa kushoto. Ni kama pea ya kandambili."

"Macho yamechoka hayo, mama."

Tulinagwe alitafuta kibanio cha nyusi, akakaa siku tisa akichambua: za kulia huku, za kushoto kule. Wakaonja, kisha wakazijaribu kwa minyoo chupani. Za kushoto zilikuwa chungu, na minyoo haikushtuka. Za kulia hazikuwa na uchungu, na ndizo zilizoua! Tangu hapo Ambokile akatafuta namna ya kuunda za kulia peke yake, akaipata. Watu wakameza, bonde likapona.

Sasa, kule Itukulo mbegu mpya ya mpunga huitwa kwa jina la mtu aliyeileta. Jina moja tu, nalo hutajwa kila msimu hata mwenyewe akiwa amezikwa. Wazee wakasema na dawa ipate jina vivyo hivyo. Wakampa Ambokile karatasi na kalamu: "Wewe unajua yote yaliyotokea. Andika."

Akaipokea kalamu. Alilitaka jina lile, alilitaka mno. "Mimi niliiunda," alisema. "Bila mimi mngemeza nini? Mngechambua nini?"

"Ungeimwaga!" akadakia Gwamaka. "Mimi niliisema kweli, na hadi leo nalima peke yangu."

Tulinagwe alisema taratibu: "Mimi sina mtoto. Nikifa nimefutika. Lakini msinipe kwa huruma. Nipeni kwa sababu niliona asichokiona mwenye digrii."

Ambokile akainamia karatasi. Alijua wote wawili hawakudanganya, na yeye pia hakudanganya.

Na wewe uliyekaa hapo ukitabasamu, usiniambie yaandikwe yote matatu. Mila ni mila, na karatasi ina mstari mmoja. Je, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?