Sauti ya Bi. Rukia na Jina la Mjukuu

Sogeeni karibu, hata wenye kupiga miayo. Kesi hii imenichosha, na siwezi kuibeba peke yangu.

Pale Ngamiani, Tanga, walikuwapo marafiki watatu, wanawake, mafundi wa kompyuta. Chausiku alifufua mashine zilizokufa. Salha aliijua Linux, ule mfumo huria ambao kila mtu ana ruhusa ya kuufungua na kuurekebisha. Mwantumu yeye kipaji chake kilikuwa kutokuwa na haraka. Wenzake walimtania kwamba hata chai huinywa imeshapoa.

Rafiki yao Mwanaidi akajifungua binti. Kwa kuwa mzazi hatoki nje, akawaita chumbani, akawapa diski nene ya zamani, ya aina isiyouzwa tena. Humo mamake, marehemu Bi. Rukia, alirekodiwa redioni akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Nakala nyingine haikuwapo.

"Siku ya saba mtoto anapewa jina," alisema. "Nataka siku hiyo amsikie bibi yake. Atakayeniletea sauti ya mama, mwanangu ataitwa kwa jina la huyo aliyeileta."

Chausiku akazunguka kwa mafundi wa redio, akapata visomeo viwili vibovu vya diski ile, akavifungua, akatoa kimoja kizima. Siku mbili. Taa ikawaka.

Linux haikukitambua. Salha akaketi kuandika kiendeshi, programu ya kuukutanisha mfumo na kifaa. Akaandika, ikagoma, akafuta, akaanza upya. Siku nne. Mgongo ulimuuma, macho yakamwasha, akauchukia wimbo wenyewe kabla ya kuusikia. Asubuhi ya siku ya saba, kifaa kikaonekana.

Kompyuta ikasema: diski haina kitu, niifomati? Kidole cha Salha kikaenda kubonyeza "ndiyo", kama alivyozoea kwa flashi za wateja.

Mwantumu akamdaka mkono. "Ngoja, shoga! Unafuta usichokisoma? Inakili yote kwanza, hivyo hivyo ilivyo."

Salha akanakili kwa hasira. Nakala ilipokamilika, diski ikakwaruza, ikasimama, haikuzunguka tena. Kumbe mitambo ya redio ile ilikuwa na mpangilio wake wa kuandika, Linux ikadhani patupu. Walipoipekua nakala, Bi. Rukia akakohoa, kisha akaimba.

Wakaupeleka wimbo kwa Mwanaidi, ambako shekhe wa kumpa mtoto jina alikuwa ameshafika, na nyumba nzima ikalia. Shekhe akauliza, "Jina?"

"Bila kisomeo changu mngesomea nini?" akasema Chausiku.

"Siku nne," akasema Salha. Aliona haya kulitaka jambo lile kiasi kile. Lakini miaka sita alikuwa akiomba mtoto bila kupata, na sasa alitaka walau jina lake liitwe na mtoto wa mwenzake.

Mwantumu alikuwa ameushika mkono wa Salha, uleule aliouzuia asubuhi.

Shekhe anangoja, na mtoto ameanza kulia. Haya, nyie mliosikiliza: binti huyu aitwe nani?