Harusi Iliyomsubiri Mjapani

Wanakwaya, Mungu awabariki, leo mmeimba mpaka mabati yameitikia. Kaeni, wapendwa. Mama Chaula, huyo mjukuu akisinzia mwache asinzie. Mzee Kihongosi, wewe usisinzie, nakuona.

Kulikuwa na kijana mmoja muuza mbao, katika mji wa milimani kama huu wetu. Msianze kunong'onezana, si mtu wa hapa; nimemtunga mwenyewe juzi nikinywa chai. Alikuwa kijana mchapakazi, asiyegombana na mtu, na Jumapili humkosi kanisani. Akampenda binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi lakini mwenye msimamo wake. Mshenga akatumwa, mahari ikapokelewa, pete ikavalishwa, na pande zote mbili zikafurahi.

Mambo yalikuja kuharibika kwenye kamati ya harusi. Si mnazijua kamati zetu? Mtu anaingia kikaoni na akili zake timamu, anatoka ameahidi mambo ambayo hata Mfalme Sulemani angeomba muda wa kuyafikiria. Mwenyekiti akauliza, "Gari la maharusi tukodi la nani?" Kijana wetu akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Hakuna kukodi. Mke wangu hapandi gari la kuazima. Siku hiyo atashuka kanisani kutoka kwenye gari langu mwenyewe, na nimeshaliagiza Japani." Loo! Makofi, vigelegele, mtu akapiga meza. Kijana akakaa chini amevimba kama andazi.

Basi tarehe ikapangwa, na tangazo la ndoa likasomwa kanisani mara tatu, kama ilivyo desturi yetu. Watu wakasubiri harusi. Bwana harusi yeye akasubiri gari.

Gari halikuja. Akampigia simu wakala wake kule Dar es Salaam. "Ndugu, gari langu liko wapi?"

"Bado, mkuu. Mjapani mwenye gari hajaliuza."

"Si ulisema anauza?"

"Alitaka kuuza. Lakini yeye naye ameagiza gari jipya, na jipya halijafika. Sasa akiuza la zamani, kazini ataenda na nini?"

"Hilo jipya limekwama wapi?"

"Kiwandani. Matairi yamo, viti vimo, taa zimo, rangi imepakwa inang'aa. Kinachosubiriwa ni kidude kimoja, wanakiita chipu. Ndicho kama ubongo wa gari. Bila hicho haliwaki."

"Kikubwa kiasi gani hicho kidude?"

"Ukucha wako wa kidole cha mwisho unakizidi."

Wapendwa, kijana akautazama ukucha wake. Wewe nawe hebu utazame wako. Ndiyo, sasa hivi, inua kidole. Umeuona? Kitu kidogo kuliko huo kilikuwa kimesimamisha harusi! Kwa maana kidude hicho hakitengenezwi kila mahali. Viwanda vyake ni vya kuhesabu, viko nchi za mbali. Ugonjwa ulipoitikisa dunia, vingine vilifunga milango, na vilipofungua vikakuta watu wote duniani wamepanga foleni: wenye simu, wenye kompyuta, wenye televisheni, wenye magari. Kwa hiyo kiwanda cha chipu kinamchelewesha mwenye kiwanda cha magari, mwenye kiwanda anamchelewesha Mjapani, Mjapani anamchelewesha wakala, meli inaondoka bandarini bila gari letu, na mwisho wa foleni yote hiyo, huku milimani, kuna shela jeupe limetundikwa kwa shangazi, linapata vumbi.

Harusi ikaahirishwa. Tarehe nyingine, matangazo upya. Gari likagoma tena kuja, harusi ikaahirishwa tena. Tangazo lao likasomwa mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakalikariri, na mzee wa kanisa alipolianza, wao walilimalizia.

Sisi tunacheka, lakini yule binti alikuwa anaumia. Mjini walishaanza kusema maneno. Sokoni walimwita "bibi harusi mtarajiwa" kwa sauti ile mnayoijua. Wengine walisema, kijana hamtaki, anatafuta njia ya kutokea. Siku moja akamwuliza mwenzake, "Hivi sisi tunamsubiri nani?"

Kijana akajibu, "Mjapani."

"Huyo Mjapani tulimwalika?"

"Usifanye mzaha, mwenzangu. Nataka siku hiyo ukishuka pale kanisani, watu wote waseme, tazama gari lile!"

Binti akasema taratibu, "Na mimi nitakuwa wapi wakati watu wanatazama gari?"

Kijana akatoa simu, akampigia tena wakala.

Ikakaribia tarehe ile ya tatu ya harusi. Siku moja kabla, Ijumaa, mshenga akaonekana anakuja kwa baba wa binti, anatembea kama mtu aliyebeba yai. Akakaribishwa kiti, akakataa chai. Mshenga akikataa chai, ujue kuna jambo.

"Mzee wangu," akasema, "nimetumwa. Kijana anaomba tena muda kidogo. Gari sasa linakaribia kuingia melini."

Baba wa binti alikuwa mpole, lakini hata mpole ana mwisho wake. Akasema, "Kamwambie nimechoka kuchekwa. Akae na gari lake, na mahari yake aje aichukue. Binti yangu si mzigo wa kusubiri meli."

Binti alikuwa jikoni, akayasikia yote. Moyo ulimshuka, maana alimpenda kijana yule kweli, na gari au bila gari. Angekaa kimya, mambo yangeishia pale. Akatoka jikoni na mikono ina unga, akapiga goti. "Baba, nakuomba kesho tu. Kesho nikirudi nyumbani peke yangu, fanya unavyoona. Mahari irudi, na mimi sitasema neno."

"Kesho utafanya nini?"

"Nitaenda kwenye harusi yangu, baba."

Wapendwa, Jumamosi asubuhi binti akavaa shela. Akavaa raba za kufundishia, maana mvua ilinyesha na ule udongo wetu mwekundu mnaujua hauna huruma. Shangazi mmoja akashika pindo, mwingine akashika mwavuli. Wapiga tarumbeta wa kanisa, wale ambao hata mazishini hupiga mpaka wafiwa wakatikisa vichwa, wakatangulia mbele. Safari ikaanza, kwa miguu, katikati ya mji!

Mama wauza nyanya wakaacha nyanya. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa upande mmoja. Bodaboda wakazima pikipiki wakazikokota kwa heshima, kisha wakashindwa kuvumilia wakaziwasha wakapiga honi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Bibi harusi, gari limeharibika?"

Binti akamjibu, "Halijatengenezwa bado!"

Kijana alikuwa uwanjani kwake kwenye mbao, na ovaroli, amejaa vumbi la msumeno mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekata tamaa, anapanga mbao zilizokwisha kupangwa. Akasikia tarumbeta. Akasema kwa uchungu, "Watu wana bahati zao. Nani anaoa leo?"

Mama yake akachungulia nje ya uzio. Akatazama sana. Akageuka akasema, "Mwanangu, ni wewe."

Na mnajua yule mama alifanya nini? Alikimbilia lango akalifunga! Msimlaumu, aliikumbuka desturi. Sisi, upande wa kiume ukienda kumchukua bibi harusi, si huzuiwa mlangoni mpaka utoe kitu? Sasa leo wamekuja wa kike, mama akaona haki ni haki. Akapaza sauti, "Hapa kwetu mlango haufunguliwi bure!"

Mashangazi wakajibu kutoka nje, "Mkwe, tumekuja mikono mitupu, tuna nyimbo tu!"

"Basi imbeni!"

Wakaimba. Tarumbeta zikalia, bodaboda wakapiga honi, mama akicheza peke yake upande wa ndani mpaka kitenge kikamfunguka, na mwisho akafungua lango mwenyewe kwa sababu alitaka kucheza na wenzake.

Kijana akabaki amesimama katikati ya uwanja. Aibu, furaha na vumbi vyote usoni mwake. Akasema, "Mwenzangu, nisamehe. Lakini gari…"

Binti akamwendea, akampangusa nyusi kwa ncha ya shela. Sikilizeni alichosema, kwa maana ndilo neno nililowaletea leo. Akasema, "Gari uliiahidi kamati. Mimi uliniahidi wewe."

Hapo kijana alilia. Mwanamume mzima, mnyanyua magogo, alilia mbele ya bodaboda. Akaoga haraka, akavaa suti, vumbi la mbao likabaki masikioni, wakaenda kanisani wameshikana mikono, na mji wote nyuma yao. Baba wa binti alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, amejikaza asicheke, na kujikaza kwenyewe kukamshinda.

Mnataka kujua kama gari lilikuja? Lilikuja. Lilifika wakati bibi harusi ana tumbo kubwa, na safari yake ya kwanza ilikuwa kliniki. Gari zuri sana, na walilipenda. Hakuna aliyesema gari ni baya. Hata mimi Mungu akinipa, nitaliendesha huku nikiimba.

Sasa turudi kwetu. Sisi tumefunga furaha zetu kwenye kamba ndefu mno, na upande wa pili wa kamba ameshika mtu tusiyemjua, katika nchi ambayo hatujafika. Akiugua yeye, sisi huku hatucheki. Tunasema, nitamsamehe ndugu yangu, lakini kwanza nipate nauli ya kwenda na zawadi. Nitampeleka mtoto abatizwe, lakini kwanza sherehe ipate mahema. Nitarudi kwa Mungu, lakini kwanza nijirekebishe kidogo, nisije nikiwa hivi. Hivi vipi? Kuna kidude gani kidogo kinachokosekana kwako, ambacho kwa ajili yake umemwacha Mungu akisoma tangazo lako miaka na miaka?

Najua mmezoea nikisema bwana harusi ni Kristo na bibi harusi ni kanisa. Sibishani na Maandiko, na mkaguzi wa jimbo akiuliza mwambieni mchungaji anaamini hivyo. Lakini katika mfano wa leo mimi nimejiona nikiwa yule mwenye ovaroli. Sisi ndio tuliotakiwa kumwendea Mungu, na tukaahirisha. Tukatuma mshenga, tukasema bado, hatujakamilika, kuna kitu kiko njiani. Na Yeye hakurudisha mahari! Alichoka kusubiri, ndugu zangu, lakini kuchoka kwake hakukuwa kama kwa baba wa binti. Yeye alichoka akavaa nguo nyeupe akaja kwa miguu, katika matope yetu, mbele ya watu wanaocheka, akasimama kwenye lango letu. Nani amewahi kusikia mapenzi kama hayo? Tulipaswa kumfuata, akatufuata. Tulikuwa na vumbi, akatupangusa kwa vazi lake mwenyewe.

Hakuja kuuliza gari liko wapi. Hajawahi kukudai kile ulichowaahidi watu. Anakutaka wewe.

Sasa naona kuna wawili humu, siwataji, na ninyi msigeuze shingo. Wameishi pamoja muda mrefu, watoto wazuri Mungu amewapa, na kila nikiwauliza lini tunabariki ndoa, jibu ni lile lile: "Mchungaji, mwakani, tunajipanga." Wanangu, mjipange mara ngapi? Wanakwaya hawa hapa hawajavua majoho. Mzee Kihongosi yuko macho, anafaa kuwa shahidi. Mama Chaula ana sufuria ya pilau nyumbani, nimeinusa nikipita. Tangazo naanza kulisoma leo hii, na Jumapili ya tatu mje mlivyo.

Baba yule, naona tayari unamtazama mwenzako. Simama basi, mshike mkono. Tarumbeta, mnangoja nini? Pigeni!