Mchanga wa Mwalimu Nyamizi

Naapa kwa meno haya yaliyobaki, ninayowaambia ni kweli tupu, wala chumvi sikutia. Mmemsikia mama yenu akimjibu jirani, "Mchanga hauishiwi kurasa," mkaja mbio kuniuliza asili yake. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Igombamila palikuwa na darasa la chekechea, chumba kimoja chenye bati jipya. Mwalimu wake aliitwa Nyamizi, mwanamke mfupi, mgumu kama kisiki cha mninga. Watoto walijifunza herufi kwa kuziimba, na hesabu kwa mbegu za ukwaju.

Msimu mmoja tumbaku ilistawi kupita kiasi, na Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kasanda, akakosa pa kuweka marobota yake. Akakitamani kile chumba kisichovuja.

"Mtoto wa miaka mitano herufi za nini?" alisema. "Akae na mama yake shambani, achume majani."

Kumfukuza mwalimu waziwazi hakuthubutu, aliwaogopa akina mama. Basi akatuma watu wakabeba ubao, chaki na mabenchi, ati vinakwenda kukarabatiwa. Kisha akatangaza, "Darasa lisilo na ubao ni ghala. Kesho naleta tumbaku."

Nyamizi hakulia, wala hakwenda kumwangukia mtu. Alichukua ndoo akashuka mtoni, akina mama nao wakamfuata na ndoo zao, wakamwaga mchanga sakafu nzima. Asubuhi akaunyunyizia maji ili mistari ya vidole isibomoke. Mwenyekiti alipofika na wapagazi wake, aliwakuta watoto wamechuchumaa, huyu anachora a, yule anachora tano na kupanga mbegu zake pembeni.

"Nani kawaruhusu uchafu huu?"

"Ubao umeubeba, Mwenyekiti," Nyamizi akasema. "Ardhi nayo utaibeba kwa mkokoteni gani?"

Kasanda akapandwa na hasira, akaanza kufuta kwa kiatu. Akafuta a. Akafuta tano. Kitoto kimoja, Kalunde, kikamvuta suruali.

"Babu, njoo na kwangu. Kwangu kumejaa, sina pa kuandika."

Wapagazi wakaangua kicheko. Kila alipofuta, watoto walisema, "Asante, Babu!" wakaandika upya. Alifuta mpaka soli ikalika, dole gumba likachungulia nje, likachora duara mchangani, na darasa zima likasoma kwa sauti, "Ooo!"

Ndipo mpagazi mmoja akagusa sakafu. "Mwenyekiti, hapa pana maji. Tumbaku ikilala humu itaota ukungu kabla ya soko."

"Uanikeni huo mchanga!"

"Uanikeni," Nyamizi akajibu. "Nami kesho nitaulowesha. Mto haujakauka."

Kasanda akatazama marobota yake. Akatazama mlangoni, ambako akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zilizojaa maji. Akaamuru mizigo irudishwe. Baadaye mabenchi nayo yalirudi, lakini ubao Nyamizi aliukataa. "Kaa nao," alimwambia. "Wetu ni mpana zaidi."

Unasemaje, Shija? Mchanga uliolowa haumalizi soli? Labda kiatu chenyewe kilikuwa kibovu. Ehe, tajiri wa tumbaku avae kiatu kibovu... Haya, mmenikamata! Msicheke hivyo, mtapaliwa. Najua, katika nyumba hii anayeshikwa na uongo ndiye anayebangua karanga za wote. Leteni huo ungo. Na wewe Shija, usinirundikie na za jirani!

Nabangua. Lakini la kwangu ni lile dole tu. Ndoo, mchanga na ulimi wa Kalunde msiviguse, hivyo vilikuwepo. Na siku mtu atakapowanyang'anya ubao, msimlilie. Mtazameni usoni, chuchumaeni pale pale, mwambieni: mchanga hauishiwi kurasa.